Bunduki ya darini na unga wa posho: mzee wenu alikuwa askari au mpagazi?

"Shikamoo mtaalamu. Naandika kutoka Muheza. Mwezi uliopita tulivunja nyumba ya zamani ya babu ili tujenge upya. Juu ya boriti tulikuta bunduki imefungwa kwenye gunia, imeshika kutu, pamoja na kopo lenye risasi nne nene. Ubavuni mwa chuma bado panasomeka 'Mod. 71'. Baba mdogo anasema ni ya baba yake babu, aliyekuwa askari wa Mjerumani, na kwamba ilikuwa na nguvu kuliko bunduki za Waingereza kwa sababu risasi yake ni kubwa. Shangazi anakataa. Anasema mzee alikuwa mpagazi tu, tuyaache mambo hayo yasije yakatuaibisha. Bibi, kabla hajafariki, alikuwa akisema vita ile haikuua watu kwa risasi, iliua kwa unga, maana Wazungu walitia sumu kwenye posho. Sasa kuna mtu anataka kuinunua, anasema bunduki za Mjerumani zina zebaki nyekundu ndani. Nani mkweli? Na hii bunduki tuifanyeje?"

Marahaba, na poleni na kazi ya ujenzi. Swali lako lina historia ya ukoo ndani yake na lina hatari ndani yake. Historia imengoja zaidi ya miaka mia, inaweza kungoja dakika tano nyingine. Hatari haingoji, kwa hiyo naanza na kopo.

Mtu yeyote asiziguse tena zile risasi nne. Bunduki nayo iacheni hapo ilipo. Msivute komeo lake kuangalia kama ndani kuna kitu, msigongegonge kutoa kutu, msiisafishe kwa mafuta ya taa, na watoto wasisogee. Watu wengi hudhani risasi ya zamani hivyo imekufa. Baruti nyeusi haifi kwa umri. Ikikaa pakavu, na darini kwenu palikuwa pakavu, cheche moja inaiwasha leo kama siku ilipotoka kiwandani. Kibaya zaidi ni ile fataki iliyo kwenye kitako cha risasi. Fataki nyingi za enzi hizo zilitengenezwa kwa kemikali ya zebaki inayolipuka ikigongwa, na uzee unaweza kuifanya isitabirike.

Na hapo ndipo zebaki yote ya bunduki ya Mjerumani ilipo: kiasi kidogo kisichofika hata punje ya mtama, ndani ya fataki, kinachoweza kumng'oa mtu kidole au jicho. Zebaki nyekundu haipo. Hakuna maabara iliyopata kuiona, na kusini mwa Afrika kuna watu waliopoteza maisha wakipasua mabomu ya kale kuitafuta. Huyo mnunuzi mwambieni hamuuzi, na msimwonyeshe tena. Habari ya polisi nitaifikia mwishoni.

Sasa tuje kwa baba mdogo. "Mod. 71" maana yake ni muundo wa mwaka 1871. Ni kazi ya ndugu wawili, Wilhelm na Paul Mauser, wa mji wa Oberndorf kusini mwa Ujerumani. Kwa wakati wake ilikuwa bunduki ya maana sana. Wazee wetu walizoea gobori: unamimina baruti kwa mdomo wa mtutu, unasukuma tambara, unasukuma risasi, unashindilia, unaweka fataki, ndipo unalenga. Mod. 71 ilileta ganda la shaba lenye kila kitu ndani yake, yaani fataki, baruti na risasi, unaliingiza kwa nyuma na kufunga komeo kama unavyofunga mlango. Mtu aliweza kupakia akiwa amelala kifudifudi, jambo ambalo mwenye gobori hakuweza kulifanya bila taabu. Lakini haikuwa na ghala la risasi. Kila ukipiga moja, unafungua komeo, ganda tupu linatoka, unaweka nyingine kwa mkono.

Risasi yake ni kubwa kweli: milimita 11 kwa upana, gramu 25 za risasi tupu. Ndiyo maana baba mdogo ameiangalia akaona lazima ilishinda zile nyembamba za Waingereza. Kosa lake ni la kawaida, hata mabwana wengi wa uwindaji wa enzi zile walilifanya. Nguvu ya risasi huongezeka sambamba na uzito wake, lakini huongezeka kwa mraba wa kasi yake. Ukiongeza uzito mara mbili, nguvu inakuwa mara mbili. Ukiongeza kasi mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Risasi ya Mod. 71 ilitoka mtutuni kwa kasi ya kama mita 430 kwa sekunde. Ile ya Lee-Enfield ya Waingereza ilikuwa na upana wa milimita 7.7 na uzito wa gramu 11 na kidogo, lakini iliruka mita zaidi ya 740 kwa sekunde. Piga hesabu, utaona ile nyembamba ilibeba nguvu zaidi kwa karibu theluthi moja. Isitoshe, iliruka karibu na mstari ulionyooka, wakati ile nene ilipinda kwenda chini mapema, na mpigaji alipaswa kukisia umbali vizuri au aikose shabaha.

Kasi hiyo ilitokana na baruti mpya. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti, na shura ndiyo robo tatu yake. Inapoungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki kuwa hewa. Inabaki kuwa chembe ngumu, ambazo sehemu yake huganda ndani ya mtutu kama masizi na sehemu nyingine hutoka kama wingu jeupe. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alifanikiwa kutengeneza baruti kutokana na pamba iliyotibiwa kwa asidi. Hiyo ikiungua, karibu yote hugeuka kuwa hewa, hivyo inasukuma kwa nguvu zaidi na moshi wake ni haba. Miaka miwili baadaye jeshi la Ufaransa likapata bunduki ya Lebel, na majeshi yote ya Ulaya yakajikuta yameshika silaha za zamani kwa ghafla. Wajerumani wakahamia muundo wa 1888, kisha ule mashuhuri wa 1898, wenye risasi tano ndani. Waingereza wakaja na Lee-Enfield ya risasi kumi.

Zile za 1871 hazikutupwa. Zilipelekwa makoloni. Agosti 1914 Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza, Jeshi la Kikoloni la Ujerumani katika nchi yetu lilikuwa na kampuni 14, yaani vikosi vya askari, na askari Waafrika kama 2,500, na kampuni nyingi kati ya hizo bado zilikuwa na bunduki kama yenu. Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, aliandika waziwazi kwamba moshi wake ulikuwa balaa porini. Fikiria askari amejificha kwenye kichaka cha mkwamba karibu na Tanga. Haonekani. Anapiga risasi moja, na wingu jeupe linapanda juu ya kichaka na kukaa, kwa sababu ndani ya pori hakuna upepo wa kuliondoa. Mwenye bombomu, yaani bunduki ya rashasha, upande wa pili hahitaji kumwona mtu. Anaelekeza kwenye wingu.

Hata hivyo mwezi Novemba 1914, pale Tanga, upande wenye bunduki za moshi ndio ulioshinda. Jenerali Aitken wa Uingereza alishuka na watu kama 8,000 kutoka India, Lettow-Vorbeck akiwa na kama 1,000. Waliotoka melini walikuwa wamechoka na safari ndefu ya bahari, hawakuijua nchi, na wakuu wao hawakutuma wapelelezi wa kutosha. Askari waliokuwa wakiwangoja waliyajua mashamba yale ya minazi na mpira, na waliaminiana. Waingereza walipoondoka kwa haraka waliacha mamia ya bunduki za kisasa, bombomu kadhaa, na risasi zaidi ya nusu milioni. Baada ya hapo kampuni kadhaa za Mjerumani ziliacha bunduki zao za 71 na kushika za adui. Aprili 1915 meli ya Rubens ilipenya ulinzi wa Waingereza hadi ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Manowari ikaichoma kwa mizinga, lakini shehena kubwa ya bunduki na risasi ilitolewa majini. Maji yalikuwa yameziingia risasi, ikabidi zifunguliwe moja moja kwa mkono, baruti ianikwe, kisha zifungwe tena. Kazi hiyo ya hatari ilifanywa si mbali na kwenu.

Nakueleza haya kwa sababu yanahusu lile gunia. Kuanzia wakati huo bunduki za 71 zilizidi kuwa mali ya akiba: walipewa askari wapya, walinzi wa njia na wa maghala, na nyingine zilipotea njiani. Waingereza waliingia Tanga Julai 1916, Wajerumani wakarudi kusini, na silaha nyingi zilifichwa au kutelekezwa njiani. Lettow-Vorbeck aliposalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, bunduki alizokabidhi, 1,071 kwa hesabu yake, zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Kwa hiyo bunduki ya 71 iliyofichwa Muheza inaweza kuwa ya askari aliyetoroka au kubaki nyuma mwaka 1916, ya mlinzi wa ghala, ya mpagazi aliyeiokota, au ya mtu aliyeinunua baada ya vita. Yenyewe haithibitishi kauli ya baba mdogo, wala haipingi ya shangazi.

Sasa bibi. Nataka nikae naye kwa muda, kwa sababu kati ya wote watatu yeye ndiye aliyekaribia zaidi ukweli.

Vita vyote hubebwa na uzito. Risasi moja ya 71 ina zaidi ya gramu 40. Mpya zilikuwa karibu nusu yake. Hiyo ndiyo faida nyingine ya bunduki mpya ambayo watu huisahau: kwa mzigo uleule askari alipata risasi karibu mara mbili. Ulaya tofauti hiyo ilibebwa na treni, gari na farasi. Kwetu mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe kwa maelfu, njia za magari zilikuwa chache, na mvua za masika ziligeuza bonde la Rufiji kuwa bahari. Kilichobaki ni kichwa cha mtu.

Hesabu yake ni hii, na ningependa muifanye pamoja nyumbani. Mpagazi alibeba mzigo wa ratili 60, kama kilo 27. Posho yake ilikuwa ratili 2 za unga kwa siku. Mpe mzigo wa unga na umwambie aupeleke kambi iliyo mwendo wa siku kumi. Kwenda atakula ratili 20. Kurudi atakula ratili 20. Ratili 20 tu ndizo zitakazomfikia askari wa mbele, chakula cha siku kumi kwa mtu mmoja. Kambi ikiwa mwendo wa siku kumi na tano, mpagazi atakula mzigo wote na askari hatapata hata kijiko. Sasa ongeza kwamba askari anahitaji pia risasi, dawa na hema la afisa wake. Ndiyo maana Waingereza waliandikisha, na mara nyingi kukamata kwa nguvu, wapagazi wapatao milioni moja katika miaka minne, kutoka Kenya, Uganda, nchi yetu, Nyasaland (Malawi ya leo), Kongo na kwingine. Na ndiyo maana, njia ilipokuwa ndefu na mvua kubwa, kitu cha kwanza kilichokatwa na wakuu wa vita kilikuwa posho ya mbebaji mwenyewe.

Je, unga ulikuwa na sumu? Hakuna ushahidi wowote kwamba Mzungu yeyote aliutia sumu kwa makusudi, na hata kwa akili ya kawaida asingejiangamizia miguu pekee aliyokuwa nayo. Lakini unga ule uliua, na waliouona ukiua hawakuwa waongo.

Kwanza, ulikuwa unga wa mahindi, na mwaka 1914 wengi wa watu hao hawakuwa walaji wa mahindi. Kulikuwa na watu wa ndizi, watu wa mtama na ulezi, watu wa muhogo na viazi. Tumbo la mtu mzima likibadilishiwa chakula ghafla, huku mwenyewe akitembea kutwa na mzigo kichwani, hulegea. Pili, ulisagwa vibaya, wenye chenga na makapi. Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, haukuiva. Msafara unafika kambini jioni. Mpagazi ametembea tangu alfajiri, kuni zimelowa, sufuria moja inagombewa na watu wengi, na pengine amri imetolewa kwamba mioto izimwe kabla ya giza ili adui asione. Anatia unga kwenye maji yaliyopata vuguvugu, anakoroga, anameza. Chenga za mahindi zisizoiva hukwaruza utumbo. Maji yenyewe yametekwa mahali ambapo wengine elfu wamepita na kujisaidia. Hapo kuhara damu huingia kama mgeni aliyefunguliwa mlango, na mtu anayeharisha hata hicho kidogo alichokula hakimfai. Siku chache baadaye malaria au kichomi humkuta hana nguvu, na cheti cha daktari huandika malaria.

Kuna jambo moja zaidi linaloweza kuwa limechangia neno la bibi. Mwenye njaa huchimba anachokikuta, na muhogo mchungu usiolowekwa wala kukaushwa una sayanidi. Hiyo ni sumu halisi, na wazee wetu waliijua na kuiondoa kwa subira ya siku kadhaa. Msafara hauna siku kadhaa.

Madaktari wa jeshi waliliona hili, wakaandika, wakalalamika. Oscar Watkins, aliyesimamia kikosi cha wapagazi upande wa Waingereza, aliwapigania watu wake mara nyingi dhidi ya wakubwa waliotaka mizigo tu. Kwenye karatasi posho ikaboreshwa: maharage, chumvi, mafuta, nyama siku nyingine, na wapishi wa pamoja kambini ili chakula kiive. Karatasi haikufika Rufiji. Mwanzoni mwa 1917 hata Brigedi ya Nigeria, askari wa mstari wa mbele kabisa, walikaa njaa kule wakingoja mizigo iliyozama kwenye matope. Kama askari mwenye bunduki alikuwa na njaa, aliyembebea alikuwaje? Hesabu rasmi za upande wa Waingereza zinakaribia wapagazi 100,000 waliokufa, na wanahistoria wengi huona kwamba idadi halisi ni kubwa zaidi. Waliokufa kwa magonjwa na njaa ni wengi mno kuliko waliouawa kwa risasi. Upande wa Wajerumani wapagazi hawakuandikwa hata kwa uzembe ule. Hivyo bibi alikosea juu ya sumu, lakini juu ya nini kiliua, alisema kweli kuliko vitabu vingi vya vita nilivyosoma, vinavyotumia kurasa kumi kueleza bombomu na mstari mmoja kueleza unga.

Askari Mzungu wa Uingereza, kwa kulinganisha, alikuwa na kopo la nyama ya ng'ombe ya chumvi na biskuti ngumu ya kuvunja jino. Naye aliumwa sana, lakini chakula chake kilikuwa kimeiva tayari kabla hakijamfikia. Ukitazama miaka hiyo kwa jumla, utaona wahandisi bora wa Ulaya walitumia kama miaka arobaini kupunguza gramu za risasi na kuongeza kasi yake, na makopo ya chakula yalikuwa yamevumbuliwa karne nzima nyuma. Elimu ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuona kwamba mpagazi anastahili kutumiwa elimu hiyo. Hili hunikasirisha kila ninaporudi kwenye kumbukumbu hizo.

Kuhusu Wajerumani, kwenu Muheza mna sehemu muhimu ya habari hiyo: taasisi ya utafiti ya Amani, pale juu ya Usambara. Meli zilipozuiwa, wataalamu wa Amani walitengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na magome ya miti waliyokuwa wameipanda, pamoja na vitu vingine vingi ambavyo havikuweza kuagizwa. Ilipobidi Wajerumani wakaanza kunywa maji machungu ya magome yaliyochemshwa tu. Mkate ukatengenezwa kwa unga wa mtama, mahindi na muhogo, mafuta yakatoka kwa kiboko, chumvi ikachemshwa Uvinza na kwenye fukwe. Askari wao walifuatana na wake zao, na wanawake hao ndio waliotwanga, kuloweka na kuivisha. Naamini kabisa kwamba askari wa Mjerumani walidumu muda mrefu kwa sababu ya wanawake hao kuliko kwa sababu ya bunduki yoyote, na majina yao hayapo popote.

Lakini chakula hicho kilitoka kwa nani? Kilitoka kwenye vihenge vya wakulima. Pande zote mbili zilipita zikichukua nafaka, mifugo na vijana wa kulima. Ugogo, ukame ulipoongezeka juu ya uporaji huo, ikafuata njaa ya Mtunya kati ya 1917 na 1920, ambayo Wagogo hawajaisahau. Mtu akikusimulia vita vile kama ujanja wa jenerali mmoja porini, muulize jenerali huyo alikula nini na nani alilala njaa.

Hapo narudi kwa shangazi. Sijui mzee wenu alikuwa nani, na bunduki haitatuambia. Lakini neno "mpagazi tu" ningeomba mliache. Mpagazi alikwenda palepale askari alipokwenda, akapigwa risasi zilezile bila silaha ya kujibu, akala kidogo zaidi, na akafa mara nyingi zaidi. Kwenye sanamu za Nairobi za kumbukumbu ya vita hiyo, mpagazi amesimama pamoja na wenye bunduki, na Kariakoo yetu ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebaki na jina la kikosi chao. Na kama alikuwa askari, hilo nalo lisemwe lote: askari wa Mjerumani walikuwa na nidhamu na ujasiri, na jeshi hilohilo lilikuwa limechoma mashamba kusini wakati wa Maji Maji, 1905 hadi 1907. Familia inaweza kuyabeba yote mawili bila kuficha moja.

Kuna njia za kutafuta. Waulizeni wazee mambo madogo, msiulize "alikuwa askari?" Ulizeni alilipwa nini, na nani alimlipa. Ulizeni kama kulikuwa na kisahani cha chuma chenye namba, maana baadhi ya wapagazi wa Waingereza walivaa hivyo. Ulizeni alijua maneno gani ya Kijerumani, na kama yalikuwa ya amri au ya jikoni. Ulizeni mkewe alikwenda naye au alibaki. Majibu yaandikeni kabla hamjaandika maoni yenu. Kisha mtu mmoja aende Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ambako majalada ya enzi ya Wajerumani yamehifadhiwa. Msitegemee sana kukuta jina lake, kwa kuwa orodha za askari zilizobaki ni chache na za wapagazi ni chache zaidi, lakini mnaweza kukuta kijiji chenu, kiasi cha nafaka kilichochukuliwa, na jina la jumbe wa wakati huo.

Na sasa polisi. Hili halihitaji mtaalamu wa kuandika kama mimi, linahitaji mtu aje hapo kwenu, na nawaomba lifanyike kesho asubuhi. Kumiliki silaha ya moto bila kibali ni kosa, kuiuza ni kosa pia, na msijitetee kwa kusema ni ya kale. Msiibebe kwenda kituoni, si kwa bodaboda wala ndani ya basi, kwa ajili ya hatari ya zile risasi na kwa ajili yenu wenyewe mkikutwa nayo njiani. Nendeni mikono mitupu kwa mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa, mwende naye kituoni, mweleze mlipoikuta na lini, na muombe waje kuichukua. Semeni mapema kwamba kuna risasi, ili waje na mtu anayejua kuzishughulikia. Mkisalimisha wenyewe, kwa kawaida mnapokewa vizuri. Mkichelewa hadi mnunuzi yule akamatwe na kuwataja, maelezo yatakuwa mengine.

Mkiwa hapo, ombeni kwa maandishi mambo mawili: stakabadhi ya kukabidhi, na kwamba bunduki, ikishathibitishwa kuwa salama, isiharibiwe kabla Makumbusho ya Taifa hawajaulizwa kama wanaihitaji. Nakala ya barua hiyo wapelekeeni makumbusho wenyewe, pamoja na masimulizi ya baba mdogo, ya shangazi na ya bibi, yote matatu, kila moja kwa jina la aliyelisema.